Wino Mwekundu wa Musawo

Daktari wa hospitali ya Tororo alikuwa kijana mpole, na alichoniuliza kilikuwa kidogo tu. Alisimama kando ya kitanda cha binti yangu Ajambo, akageuza kalamu mkononi, akasema, "Mama, umesema akiwa na miaka miwili alidungwa sindano akavimba, akataka kufa. Ilikuwa dawa gani?"

Nikasema sijui.

"Nani alimdunga?"

Nikasema ni Musawo wa Busia, mwenye kliniki yake binafsi.

"Basi nenda umwombe rekodi. Kesho kutwa nataka kumpasua, kidole tumbo hakiwezi kungoja zaidi ya hapo. Dawa nilizo nazo hapa ni chache, na mojawapo ndiyo inaweza kuwa hiyo. Siwezi kubahatisha."

Nikamwitikia vizuri, nikatoka nje, nikashika ukuta. Mtoto alikuwa hatarini, hilo nililijua tangu usiku wa kwanza. Lakini kilichonishikisha ukuta ni ile kazi ya kwenda kuomba rekodi kwa Musawo. Ili nieleweke lazima nimweleze yeye kwanza, maana asiyemjua atadhani mimi ni mama mjinga tu. Mjinga nilikuwa, sikatai, ila kulikuwa na zaidi ya hapo.

Upande wa Uganda tunamwita musawo mtu yeyote anayetibu, awe daktari au muuguzi. Huyu wetu alikuwa na vyumba vitatu nyuma ya barabara ya mpakani, vimepakwa rangi ya kijani hadi usawa wa kiuno. Jina lake lilikuwa kwenye kibao cha mlangoni na hakuna aliyelitumia. Ukisema Musawo, mji mzima ulijua ni nani.

Mimi ni fundi cherehani, na kwa miaka saba nilimshonea makoti yake meupe. Mwili wa mtu unaujua ukiupima. Bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka kuliko la kulia, shingo yake ndefu, na kila mwaka kifua kilipungua kidogo naye hakukubali. "Fundi, tepu yako ndio imevutika," aliniambia. Koti lilikuwa lazima liwe na mfuko mmoja kifuani, ndani yake vijifuko vitatu vya kalamu, kila kimoja na mshono wake. Kalamu ya bluu ilikuwa ya kila siku. Nyeusi aliitoa mgonjwa akifa, akapiga mstari mmoja chini ya ukurasa wake. Nyekundu ilikuwa ya kuandika kitu ambacho mwili wa mtu unakikataa, kile ambacho ukimpa tena atakufa. Kalamu ya bluu aliiazima kwa yeyote. Nyekundu sikuwahi kumwona akiiweka hata mezani.

Wanawake wote aliwaita kwa watoto wao: Mama Wandera, Mama Achieng, Mama Barasa. Hata wale wa kupita tu, wenye mizigo ya kuvuka nayo Kenya, aliwauliza kwanza jina la mtoto ndipo awasalimie. Mimi aliniita fundi. Miaka saba, fundi. Nilidhani ananidharau, na kusema kweli nilishukuru, maana mtu anayekudharau hakuchunguzi.

Alikuwa na mabenchi mawili. La ndani lilikuwa la wale waliokuja na kitabu, yaani lile daftari la shule ambalo kila mgonjwa kwetu hulinunua dukani na kuandikiwa matibabu yake humo. La nje, chini ya bati linalovuja, lilikuwa la wasio na kitabu. Walio ndani wakiisha ndipo wa nje waingie, na wakiingia wanaulizwa maswali mpaka jasho linawatoka. Mtoto alitibiwa wapi kabla? Alipewa nini? Nani alikuuzia? Ukisema ulinunua vidonge sokoni kwa mtu aliyevitandaza kwenye gunia, Musawo alivua miwani na kukutazama. Nimeona mwanamume mzima, dereva wa lori, akitoka pale akifuta macho.

Mbali na vitabu vya watu, yeye mwenyewe alikuwa na daftari lake kubwa lenye jalada gumu, moja kwa kila mwaka, akiyafungia kwenye kabati la chuma. Ufunguo aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Kila ukurasa, aliyemleta mgonjwa siku ile alitia sahihi au kidole. Baada ya hapo ukurasa ulikuwa wa huyo aliyetia. "Mwingine hapana," alisema, na hakuwa na maelezo ya ziada.

Siku moja nilikuwa napima pazia la chumba cha sindano. Akaja mwanamke wa Masaba, amejifunga leso kiunoni tayari kwa vita, anataka kuona mumewe alitibiwa nini. Musawo akamwambia alete mume. Mwanamke akalia, akakaa sakafuni, akatishia kuvua nguo. Musawo akaagiza aletewe chai. Alikaa naye kwenye sakafu ile ile, koti jeupe nililomshonea likiburura vumbi, wakanywa chai, akamsikiliza hadi mwisho. Kabati halikufunguliwa. Mara nyingine alikuja mkubwa mmoja na gari la serikali, akataka karatasi za mfanyakazi wake. Musawo akamwonyesha benchi la nje. Mkubwa akadhani ni mzaha. Akakaa pale nusu saa, kisha akaondoka kimya kimya, na sisi tukawa tunacheka ndani ya vitambaa vyetu.

Lakini huyu mtu mgumu alikuwa na vituko vyake. Magonjwa ya watu aliyaficha, ya kwake aliyatangaza barabarani. Alisimamisha bodaboda kumweleza kuhusu choo chake. Sindano aliziogopa kuliko mtoto. Jino lilipomuuma alivuka kwenda kwa daktari wa meno wa Busia ya Kenya, mahali ambapo hakuna anayemjua, na muuza mahindi aliyemwona huko alituapia kwamba alisikia kilio chake mpaka nje. Tulipomtania alikubali. "Mimi ni mwoga," alisema. "Kwani nani alisema musawo si mwoga?"

Na jambo moja zaidi, ambalo ndilo lililotuponza. Alikagua vitabu, alikagua kucha, alikagua ulimi. Jina hakukagua. Hapa mpakani wengi wetu tuna jina la huku na jina la ng'ambo. Ukiolewa unapata la tatu. Watoto wa ua mmoja huwaita wanawake wote mama. Musawo aliandika jina unalompa, basi. Nilimsikia akimwambia muuguzi wake, "Hapa Busia ukianza kuuliza watu majina ya kweli, kesho benchi halina mtu. Watabaki nyumbani na homa yao."

Sasa nije kwangu.

Miaka saba iliyopita nilihamia hapa kutoka ng'ambo ya Kenya, bibi arusi mpya, mtoto mgongoni. Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa amerudi nyumbani kwao na binti yake Nafula. Nafula na Ajambo walipishana mwezi mmoja. Ukiwaogesha pamoja ulihitaji kuangalia mara mbili. Haikupita wiki mbili, Ajambo akashikwa na homa. Wifi alikuwa sokoni. Mimi kitabu sikuwa nacho. Nililifikiria lile benchi la nje, nikafikiria maswali, nikavikumbuka vidonge vya kwenye gunia nilivyokuwa nimempa mtoto siku tatu mfululizo. Chini ya kitanda cha wifi kulikuwa na kikapu, na ndani ya kikapu kitabu cha Nafula, kimevalishwa gazeti. Nikakichukua. Nilijiambia ni cha kuingilia tu, kama tiketi.

Nikakaa benchi la ndani. Musawo akauliza jina, nikasema Nafula. Akamdunga.

Sitasahau midomo ile. Ilivimba mbele ya macho yangu, kisha uso wote, kisha pumzi ikaanza kupiga mluzi na kukatika. Nilipiga kelele, sijui nilisema nini. Musawo alimnyakua mtoto, akamdunga tena sindano nyingine, akamlaza, akamkandamiza kifua, jasho lake likidondoka juu ya mwanangu. Muda ule sikuuhesabu. Pumzi iliporudi, yeye alikuwa amekaa sakafuni. Alinyanyuka, akachukua kalamu nyekundu, akaandika kwenye kitabu na kwenye daftari lake kubwa. Nikatia sahihi: Mama Nafula.

"Hii ukurasa usipoteze," aliniambia. "Hii ndio maisha yake."

Jioni ile ile niliuchana nikautia motoni.

Niliogopa, sina neno jingine. Mama mkwe aliamini ukiandika ugonjwa wa mtoto mmoja katika kitabu cha mwingine umeuhamisha. Angesema nimekuja na kifo kutoka ng'ambo nikakivika jina la mjukuu wake. Nilikirudisha kitabu kikapuni kikiwa na kurasa mbili pungufu, maana ukichana mmoja mwenzake wa upande wa pili hulegea, na hakuna aliyezihesabu. Ajambo sikumpeleka tena kwa Musawo. Akiugua nilivuka naye, nikawaambia wauguzi wa kule mtoto hataki sindano, mpeni vidonge vikali kiasi chochote lakini sindano hapana. Kumbe pengine ningeweza kumuua hata kwa kidonge.

Nafula ndiye aliyeendelea kwenda. Sikio lake la kushoto lilianza kutoa usaha akiwa na miaka minne. Wifi alirudi kutoka kliniki amekasirika. "Musawo anamnyima mwanangu sindano! Wa jirani alidungwa kwa sikio kama hilo, siku tano akapona. Wangu anapewa vidonge vya wiki tatu. Nimemuuliza mbona, anasema hiyo dawa hapana. Basi."

Mimi nilikuwa nachambua mchicha. Niliendelea kuchambua. Sikio likakauka, likarudi, likakauka, likarudi. Leo Nafula hasikii vizuri upande huo.

Hayo yote ndiyo niliyoyabeba kutoka Tororo hadi Busia asubuhi ile.

Musawo alikuwa ameacha kutibu, macho yamepata ukungu, ila aliketi chumba cha nyuma na kabati lake. Mbele alikuwapo muuguzi, binti wa dada yake. Nilimwomba rekodi ya mwanangu Ajambo, wa miaka saba iliyopita. Akanipa karatasi: jina la mgonjwa, uhusiano wako naye, sababu, sahihi. Nikajaza. Akaenda nyuma, nikasikia kabati likilia. Alikaa sana. Akarudi.

"Ajambo hakuna, mama. Natafuta mwaka yote. Hajawahi kuja hapa."

Ningeweza kusema papo hapo. Nikasema, "Jaribu Nafula."

Akaniangalia. "Nafula ni wa nani?"

"Wa wifi yangu."

"Basi huyo wifi ndio akuje. Namjua Mama Nafula, anakuja hapa kila mara na lile sikio. Mimi siwezi kupa wewe karatasi ya mtoto yake, Musawo atanifukuza."

Nilimfikiria Ajambo amejikunja upande wa kulia, mkono juu ya tumbo. Nikatoka, nikaenda sokoni.

Wifi alikuwa anapanga dagaa kwenye sinia, mafungu mafungu. Nilimwambia nikiwa nimesimama. Nilianza na Ajambo na daktari, nikapita kwenye kitabu, nikafika kwenye ukurasa niliochoma. Nilipofika kwenye sikio nikamalizia kwa mkono, nikishika sikio langu mwenyewe. Mteja mmoja alikuja akauliza bei, hakujibiwa, akaenda.

Wifi alifunika sinia kwa nailoni, akaweka jiwe juu yake. Akavaa ndala zake.

"Twende," alisema.

Alitembea mbele yangu njia nzima, hakugeuka. Nilitamani anitukane. Niliutazama mgongo wake nikaogopa kuliko nilivyowahi kumwogopa Musawo.

Tuliingia chumba cha nyuma pamoja. Musawo aligeuza uso kufuata nyayo zetu.

"Nani?"

"Mama Nafula," alisema wifi.

"Na fundi," nikasema.

Akaivuta kamba ya shingoni. Daftari alilitoa yeye mwenyewe, kwa kupapasa, wala hakukosea mwaka. "Mama Nafula, unaruhusu?" Wifi akatia sahihi mahali alipoonyeshwa. Muuguzi akafungua ukurasa, akausogeza kwangu.

Wino mwekundu haukuwa umefifia. Jina la dawa lilikuwa pale kwa herufi kubwa: penisilini. Niliupiga picha ukurasa kwa simu, nikamtumia daktari wa Tororo. Ndipo nikaona mstari wa chini yake, mwekundu pia, kwa herufi ndogo za haraka. *Pumzi ilipokata mama aliita Ajambo, Ajambo. Labda si Nafula. Wote wawili wasipewe.*

Nikausoma kwa sauti. Sikukusudia.

"Ulijua," nikasema. "Musawo, ulijua miaka yote hiyo?"

"Kujua, hapana. Nilishuku. Nafula mmoja, mama wawili. Lakini hapa kila mtu ni mama ya kila mtoto." Alikuwa anasugua magoti yake. "Nikisema huyu, pengine ni yule, namuua yule. Nikasema wote hapana. Kila siku huyu akileta sikio, mimi naogopa. Na ile mtoto ingine haiji, naogopa zaidi. Nasema labda wameidunga mahali, imekufa."

"Si ungeniuliza! Mimi nilikuwa hapa, nakupima mabega!"

"Nilikungoja," alisema. "Ukurasa ilikuwa ya wewe. Nikakungoja miaka saba, fundi. Hiyo ndio makosa yangu."

Wifi alizungumza kwa mara ya kwanza. "Ile sindano ingemponya sikio?"

Nilingoja aseme hapana. Ningempa makoti yote ya dunia aseme hapana.

"Sijui," alisema Musawo. "Pengine."

Wifi alitikisa kichwa mara moja, akatoka, akarudi kwenye dagaa zake.

Simu ikaita. Daktari alisema ameiona, hiyo ndiyo angempa, sasa atatafuta nyingine. Musawo alinyoosha mkono na kalamu nyekundu. Akaniambia nikate jina la Nafula, niandike la kweli. Niliandika Ajambo kwa mwandiko mbaya kuliko wa mtoto wa darasa la kwanza.

Ajambo alipasuliwa akapona. Mwezi mmoja baadaye nilimpelekea Musawo koti alilokuwa ameagiza tangu zamani, nikaenda na watoto wote wawili. Wifi ndiye aliyenipa Nafula. Alimfunga vifungo vya gauni akamsukuma upande wangu. Ile dawa Nafula alikuwa ameshaanza kupewa, kwenye kliniki ile ile, ila lililoharibika halikurudi.

Musawo alivaa koti, akapapasa mabega, akaridhika. Akawageukia watoto aliowaona kama vivuli.

"Ajambo ni nani?"

"Mimi!" Ajambo alijibu haraka, akaonyesha kovu bila kuombwa.

"Na Nafula?"

Nafula hakujibu. Alikuwa upande wa dirishani, ambako magari yanapita. Aligeuza kichwa polepole, akaleta sikio la kulia mbele, akamwomba arudie.

Musawo hakurudia. Macho yake hayakuona vizuri, lakini hilo aliliona. Alishika kifua chake pale kalamu zinapokaa, akakaa hivyo mpaka nikahofu ni moyo. Kisha akazichomoa zote tatu, akaziweka mezani, na nyekundu pia, wazi kabisa mbele ya watoto. Akavua koti akanirudishia.

"Mama Ajambo," alisema, "hii mfuko toa. Mimi siandiki tena."

Sikuwa nimewahi kusikia jina langu kinywani mwake. Nikatoa wembe kwenye pochi, nikaketi kwenye benchi la nje, nikaanza kuufumua mshono mmoja mmoja. Nafula alikuja akakaa kulia kwangu. Nikanyanyuka, nikahamia upande wake wa pili, wa sikio linalosikia.